Sampuli ya Kumi na Saba

Nimekata majani arubaini na moja,
Limbani, Jadida, Kipangani, mpaka Konde,
kila jani na kifuko chake, na chembe za kukaushia,
kila kifuko na namba, kwa wino usiofutika:
ya kwanza, uani kwa Bi Mize Faki;
ya pili, ng'ambo ya ukuta, kwa Bi Asaa Kombo.
Hawasemezani tangu mwaka wa karafuu nyingi.

Wote wawili hutunga vikuba.
"Yangu ndiyo asumini," alinambia Bi Mize,
uzi umemzunguka kidole,
"ya yule ni chokaa juu ya majani.
Nusa. Nusa tena. Pua yako ya chuo haisikii?"
Ng'ambo ya pili nako nikanusishwa,
nikaapishwa kinyume chake.

Maabara yetu ni chumba na feni.
Jani nalitwanga kwa mchi mdogo, kama iliki,
natia chumvi, natia spiriti baridi,
na ndani ya kichupa hujikusanya ute mweupe,
mfano wa uzi wa Bi Mize ulioloa:
nasaba nzima ya ua, na haina harufu.
Nilinusa. Hata kidogo.

Kisha viashiria kumi na viwili.
Ni mahali ambapo herufi mbili tatu hurudiwarudiwa
kama mtoto wa chuoni aliyekwama kwenye aya,
na kila ukoo hukwama kwa hesabu yake.

Umeme ulikatika mara mbili. Wa tatu ukakaa.
Vinasaba vikatambaa ndani ya jeli,
vifupi mbele, virefu nyuma;
nikavaa miwani, nikawasha taa ya zambarau.

Safu ya Ijumaa!
Bega kwa bega, kisigino kwa kisigino,
Limbani na Jadida, Kipangani na Konde,
namba moja ubavuni mwa namba mbili,
arubaini, hakuna aliyetangulia hata unywele.
Ila ya kumi na saba:
mkanda juu, mkanda chini,
kama aliyepitwa na rakaa,
wenziwe wameketi, yeye kasimama.

Nikashuku mikono yangu. Nikabadili maji,
nikarudia yote. Arubaini zile zile.

Basi si maua arubaini. Ni ua moja,
limevunjwa tawi, limepewa shoga,
limefungwa tambara bichi, limepanda gari la ng'ombe,
limefukiwa kando ya birika la kutawadhia,
likashika, likavunjwa tena.
Halikuzaa. Limekuwa likipewa tu.
Ukarimu wa kina mama, miaka na miaka,
umeandika neno moja mara arubaini,
na ukungu utakaojifunza neno hilo
utaisoma Wete nzima kwa masika moja.

Nilimwendea Bi Mize na picha ya jeli,
maneno nimeyapanga njia nzima, yakanitoka ovyo.
Hakukasirika. Alitoa sindano mdomoni,
akautazama ukuta, akapunguza sauti:
"Na hiyo taa yako... huonesha na aliyeiba?"

Nilikaa kimya.

"Usiku. Kwa ngazi ya kuchumia karafuu.
Tawi moja tu, mwanangu, urefu wa kiganja."

Nikamwambia haioneshi.
"Ina adabu," akasema, akaendelea kutunga.

Halafu, bila kuniangalia:
"Na huyo wa kumi na saba ni wa nani?"
Hana mwenyewe, nikamwambia. Yuko Konde,
nyuma ya ghala bovu, kajiotea na magugu.
Watu humwita afu, basi, kwa kumdharau.
Petali nyembamba. Ukungu wa mwaka juzi
uliokausha ua zima la jirani, yeye ulimpita.
"Ananukia?"
Kidogo. Mvua ikishanyesha.

Akainuka kwa magoti yake mabovu,
akarudi na tambara, kalichovya, kalikamua.
"Nikatie tawi. Hapana, kata mawili."

La pili la nani, Bi Mize?

Sindano ilikuwa imesharudi mdomoni.